Kiwavi Hagusi Sega Jeupe

Katangi,
22 Julai 2024

Kwa Haweya Hirad,
Machakos mjini.

Sikuulizi habari, kwa sababu habari zako zinanifikia zenyewe. Tangu Jumatano nakupigia simu naambiwa mteja hapatikani, lakini Musili wa kinu cha unga akipiga kwa simu yake unapokea mlio wa kwanza. Kwa hiyo umenifungia. Sawa. Karatasi haina kitufe cha kufungia. Hii nampa ndugu yako Khadar, ambaye leo yuko hapa sokoni kwetu akinunua mbuzi, na asipoifikisha atanieleza akirudi.

Nimesikia yaliyotokea kwenye harusi ya binti yako Farhia. Nimeyasikia kwa Pauline, yule anayeuza matunda na asali kando ya barabara pale Kyumbi, na yeye aliyasikia kwako. Ati sinia za asali yangu ya masega zilipowekwa mbele ya wageni, viwavi walitokea wakitembea juu yake. Ati ukasimama ukasema, "Hii asali ni ya Kalekye wa Katangi, mjue." Pauline ameanza kunirudishia ndoo zangu bila hata kufungua kifuniko. Mnunuzi wangu wa Kangundo naye amesema tungoje kwanza.

Haweya, mimi shamba ninalo, lakini Yatta unaijua, mahindi huku ni bahati. Nilicho nacho cha kweli ni mizinga aliyoniachia baba yangu Mutuku, na jina lake. Ndugu zangu wa kiume waliikataa wakaenda zao mjini. Wanaume wa hapa wakasema mwanamke hapandi mti wa mizinga. Nilipanda, na leo hao hao wananiita nikawatazamie mizinga yao ikiugua. Tangu ufungue duka lako unauza asali yangu, na hujawahi kuona ndani yake hata unywele.

Sikuletei maneno ya fidia. Nataka kitu kimoja tu. Ulisimama mbele ya watu ukalichafua jina langu. Simama mbele ya watu wale wale useme asali ya Kalekye ni safi. Samahani ya kuninong'oneza mlangoni siitaki.

Ni mimi,
Kalekye Mutuku

---

Machakos,
30 Julai 2024

Kalekye,

Barua yako nimeipata. Khadar alinikabidhi akiwa ameishika kwa vidole viwili kama kaa la moto. Nilitaka nisijibu, lakini sitaki ionekane umeandika na binti Hirad akanyamaza kama mtu asiyejua kusoma.

Umesikia kwa watu, sasa sikia kwangu. Wakwe wa Farhia walitoka Nairobi na Garissa, magari yamepangana mpaka barabarani. Nyama ilikuwa ya kutosha, wali wa kutosha, halwa ya kutosha. Nikasema hapana, hivyo kila mtu anavyo. Mimi nitawapa kitu ambacho hakuna harusi nyingine wamekipata: masega meupe, mazima, ya kutoka Katangi, yakichuruzika asali. Niliyaweka stoo tangu ulipoyaleta, nikayafunika kwa kitambaa cheupe, nikakataza mtu kuingia. Nilikuwa nikijivunia asali yako, Kalekye, kuliko hata nyama yangu mwenyewe.

Mama mkwe wa binti yangu, Bi Hafso, alipewa wa kwanza. Akafunua kitambaa. Funza watatu, wanene, wa kijivu, walikuwa wakitembea juu ya sega kama wenye nyumba. Mmoja akashuka akapanda kwenye pindo la shela yake. Wallahi nilitamani sakafu ipasuke. Mama yule alisukuma sinia kwa kidole, akanitazama.

Ulitaka nifanye nini? Niseme ni asali ya nani? Kwetu mgeni akiona uchafu mezani mwako, ni wewe mchafu, na binti yako anaingia nyumba ya watu akiwa na harufu hiyo. Nilisema ukweli: asali ni yako. Sikuongeza chumvi.

Baba yako Mutuku alikuwa mtu. Baba yangu alimtaja mpaka anakufa. Wewe sijui ulichukua kwake kitu gani.

Haweya Hirad

---

Katangi,
5 Agosti 2024

Haweya,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Nitajibu kwa utaratibu ili hasira isinipoteze njia.

Hao si funza. Funza ni watoto wa nzi, wanakula kilichooza. Uliowaona ni viwavi, watoto wa nondo wa nta, yule nondo wa kijivu anayezunguka mizinga jioni akitafuta ufa. Nimepigana naye maisha yangu yote, na mtu akipigana na adui miaka mingi anajua hata chakula chake. Sikia anachokula.

Sega jipya ni jeupe. Ni nta tupu na asali, na kiwavi hawezi kuishi kwa hiyo. Hagusi. Ukimfungia na nta nyeupe peke yake anakonda mpaka anakufa. Asali nayo inamzamisha. Chakula chake ni sega jeusi, lile la zamani ambalo nyuki wamelelea majana, watoto wao, humo miaka na miaka, mpaka kila chumba kimebaki na ngozi za watoto waliotoka, na chavua iliyokauka, na takataka. Hizo ndizo nyama yake. Anachimba humo, anasuka utando nyuma yake, anaacha unga mweusi kama mbegu za mchicha. Mahali alipokula panajulikana hata kwa kipofu akipapasa.

Mimi sikati sega jeusi. Hilo namwachia malkia. Nakata jeupe la pembeni tu, na hiyo ndiyo sheria ya baba yangu, na ndiyo sababu asali ya Mutuku ilijulikana mpaka Kitui. Kwa hiyo nijibu. Viwavi uliowaona walikuwa wakubwa wote, au walikuwepo na wadogo wembamba kama uzi? Ndani ya sega kulikuwa na utando? Kulikuwa na mashimo? Kulikuwa na ule unga? Nijibu bila kuongeza wala kupunguza.

Sasa la baba. Unasema baba yako alimtaja baba yangu mpaka anakufa. Labda. Lakini mwaka ule wa ukame, mbuzi wetu walipokuwa wanaanguka, baba yako aliwapakia kwenye lori lake la kubebea ngamia akawapeleka kwenye nyasi, akawarudisha wote na vitoto juu yake. Hilo hatulikatai, tunalisimulia hadi leo. Na baba yangu alimlipa kwa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo: mwatu, mzinga wa gogo aliouchonga kwa mkono wake, na alama ya ukoo wetu juu yake. Mzinga wenye alama yetu haujawahi kupewa mtu wa nje kabla ya siku hiyo wala baada yake. Na baba yako akaufanya kuni.

Ndiyo, kuni. Kila baba alipokuja Machakos alipita nje ya boma lenu akitazama juu kwenye miti. Mzinga hakuuona. Mara ya mwisho alirudi, akakaa chini, akasema, "Hirad aliuchoma." Hakupita huko tena. Mimi nilikuwa msichana na nilimwona uso. Kwa hiyo usinifundishe mtu ni nani.

Kalekye Mutuku

---

Machakos,
13 Agosti 2024

Kalekye,

Kuni?

Nimekaa na neno hilo tangu Khadar alipoleta bahasha. Nimelipeleka msikitini na kulirudisha. Ungekuwa mbele yangu ningekushika mkono nikakukokota mpaka stoo yangu ukatazame kwa macho yako.

Mzinga wa Mutuku uko ndani ya nyumba hii. Haujawahi kulala nje usiku mmoja. Baba alijenga rafu ya mninga kwa ajili yake, juu kabisa, ukutani, ambapo mtoto hafiki na panya hapandi. Tulipohama kutoka nyumba ya zamani ulihamishwa wa kwanza, kabla ya vitanda. Ulikuja umezibwa ncha zote mbili, na baba akasema usifunguliwe. Kwetu mtu akikupa kitu kimefungwa, ni amana. Hukifungui mpaka aliyekupa akuambie fungua. Alikuwa akimngoja Mutuku aje amwambie. Mutuku hakuja. Baba aliuliza mpaka mwisho, "Nilimkosea nini yule mzee?" Na sisi hatukuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa kwenu Katangi miaka yote hiyo mmelifungia.

Kuni! Mafundi wa rangi walipokuja kabla ya harusi, wakaushusha bila kuniuliza na udongo wa ncha moja ukamomonyoka, niliwafokea mpaka majirani wakatoka. Niliurudisha mwenyewe juu ya ngazi, na magoti haya yanavyouma. Na asali yako niliiweka chini yake hasa, rafu ya pili, kwa sababu hapo ndipo pa heshima. Nilisema asali ya binti Mutuku ikae chini ya mzinga wa Mutuku. Hivyo ndivyo sisi tunavyofanya kuni.

Maswali yako nayajibu ili usiseme nimeogopa. Walikuwa wakubwa wote, mdogo sikuona. Masega nililazimika kuyakata yote baadaye kutafuta wengine. Hakukuwa na utando. Hakukuwa na shimo wala unga. Yalikuwa meupe mpaka ndani. Furahi basi.

Haweya binti Hirad

---

Katangi,
19 Agosti 2024

Haweya,

Jana sikwenda kanisani. Nilikaa na barua yako chini ya mkwaju ambao baba aliupenda kwa mizinga, karibu na kaburi lake, na nikamsomea. Usinicheke. Neno la kuni nalirudisha. Nililipokea kwa baba, naye alilipokea kwa macho yake tu, hakuuliza. Wazee wetu hao wawili walikuwa na kiburi kizuri, na kiburi hicho hicho kikawanyima kuulizana.

Nikueleze kosa lilikotoka, maana kwetu hata mtoto analijua ndiyo sababu hakuna aliyelisema. Mzinga wa zawadi hautolewi mtupu. Baba aliacha ndani masega ya zamani, meusi, kwa sababu harufu yake ndiyo inayowaita nyuki wapya. Aliziba ncha kwa vifuniko na udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe ili ufike mzima. Aliyepewa anatoboa tundu la nyuki, anautundika mtini, anangoja. Ndivyo unavyoonyesha umeupokea, unaning'inia mahali kila mpita njia anauona. Ninyi mliupokea kwa kuuficha ndani. Baba yangu aliangalia miti, baba yako aliangalia mlango.

Sasa soma polepole. Kiwavi wa nondo akishiba hali tena. Anaacha sega alilozaliwa, anatembea, anaweza kuvuka ukuta, anatafuta ufa au mbao au kitambaa cha kujifichia asuke nyumba yake ya kugeukia nondo. Siku hizo tumbo lake limefungwa. Uliowaona kwa Bi Hafso walikuwa wakubwa, bila utando, bila shimo. Hawakuwa wanakula asali yangu. Walikuwa wanapita juu yake.

Walikula kwingine, Haweya. Mahali penye sega jeusi, karibu, kwa juu.

Chukua tochi na ngazi. Mwambie Khadar akushikie. Pale ncha ilipomomonyoka, tazama ndani. Ukiona utando, usilie na usichome chochote. Utoe tu nje kwenye jua.

Lile nililoomba bado naliomba. Mbele ya watu wale wale.

Kalekye

---

Machakos,
10 Septemba 2024

Abaayo Kalekye, dada yangu,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka nikuandikie jambo likiwa limekwisha, si ahadi.

Nilitazama ndani. Ni kama ulivyosema. Utando umejaa kama pamba chafu, unga mweusi, viwavi wa kila umri, wembamba kama uzi mpaka wanene, na nondo waliotoka wakapiga tochi kwa mabawa. Masega ya baba yako yameliwa karibu yote. Ulinikataza kulia. Hilo sikuweza. Baba aliulinda mzinga ule miaka yake yote, na kwangu mimi, kwa ajili ya rangi ya ukuta, ukaingiliwa. Khadar aliniacha nikae chini stoo mpaka nikamaliza.

Kisha nikaona aibu, na aibu ikanipa nguvu. Nilimpigia simu Bi Hafso nikamwambia nina neno la kusema, na sitalisema kwa simu. Alikuja na wanawake wa upande wao, wengi wa wale wale wa harusini. Farhia alikaa karibu na mama mkwe wake akinitazama kwa hofu. Nilikuwa nimekwenda Kyumbi mwenyewe kwa Pauline. Akaniambia, "Mimi niliziogopa tu hizo ndoo, sikufungua, zingine ziko hapa bado mwenyewe hajachukua." Nikachukua ndoo yako moja na Pauline nikampakia pia, aje ashuhudie.

Niliweka masega yako kwenye sinia ile ile, kitambaa kile kile. Niliwaonyesha mzinga, maana nilikuwa nimeuweka katikati ya sebule, na nikawaeleza kila kitu: nondo, sega jeusi, baba yangu na baba yako. Nikasema, "Viwavi walikuwa wangu. Asali ilikuwa ya Kalekye." Nikakata sega nikala wa kwanza. Halafu Bi Hafso akainua shela yake kidogo, akakata kipande, akakitazama pande zote kama daktari, akala. Akasema, "Hii ndiyo nilinyimwa siku ya harusi?" Wakacheka, na sinia ikaisha. Farhia alicheka mpaka akafuta machozi. Bi Hafso ameagiza ya kupeleka Garissa, lakini hayo mtaongea ninyi.

Pauline anauliza utamletea ndoo zingine lini. Jibu utamjibu mwenyewe, mimi ningemwacha angoje kidogo.

Siku ya soko ijayo nakuja na Khadar. Mzinga unakuja nyuma ya pikapu, juu ya maturubai, wazi, kila mtu auone njiani. Hatukuutundika wakati wake. Utundike wewe.

Dada yako,
Haweya

---

Katangi,
25 Novemba 2024

Dadangu Haweya,

Simu yako niliiona jana na juzi. Iliita mpaka ikachoka. Najua umenifungulia, na nakushukuru, lakini sikupokea. Nimezoea kukusoma. Kwenye simu tutaulizana bei na mvua, tukate. Andika.

Watu bado wanasimulia siku ulivyofika sokoni, mzinga umesimama nyuma ya gari na wewe umesimama kando yake umeushika, mama mzima wa duka, buibui imejaa vumbi la barabara. Mbinya muuza ndizi aliniambia, "Kalekye, wewe uko na rafiki. Mimi bwana yangu hajawahi kunishikia hata debe." Nilijisikia mrefu siku nzima.

Hukukaa kuona kazi, kwa hiyo nakueleza. Nilipoufungua, viwavi walikuwa wamemaliza. Kila sega lilikuwa unga. Nilitaka kusikitika, halafu nikapitisha mkono ndani na mbao ilikuwa safi. Hivyo ndivyo anavyofanya msituni pia, nyuki wakihama, anakula uchafu wao wote na kuacha nyumba tupu kwa watakaokuja. Nimempiga vita maisha yangu yote na sasa sijui nimwiteje. Nilikwangua utando, nikaupitisha mzinga kwenye moshi, nikapaka nta yangu nyeupe kidogo mlangoni.

Khadar alinisaidia kuugeuza ili nifunge kamba. Ndipo akapiga kelele. Upande wa chini, ule uliokuwa umelalia rafu miaka yote, kuna alama imechomwa kwa chuma. Mistari miwili na duara. Si yetu. Nilidhani mafundi wa rangi. Khadar aliishika kwa kidole akaniambia, "Hii ni alama ya ngamia wa baba. Hii aliweka kwa ngamia ya nyumbani tu, ile haiuzwi." Ulipokuwa ukiniandikia barua zile kali ulikuwa hujui kwamba iko, na mimi nilipokuwa naandika neno la kuni sikujua. Baba yako aliuingiza mzinga wa Mutuku katika mifugo yake. Nililia, na mimi ndiye niliyekukataza wewe.

Nimeutundika kwenye mkwaju, alama zote mbili zikitazama njia. Mvua ilipokolea na miti ikatoa maua, kundi lilikuja saa ya mchana, likazunguka, likaingia. Leo wanatoka na kuingia kwa haraka ya watu wenye kazi, na walinzi wako mlangoni. Nondo ajaribu.

Jana Mzee Mutinda alipita akielekea shamba. Akasimama, akatazama juu, akaniuliza mzinga ni wa nani wenye alama mbili. Nikamwambia ni wa Hirad. Akacheka, "Msomali na nyuki, wapi na wapi?" Nikamwambia Hirad aliutunza mzinga miaka yote aliyokuwa hai na hakuna nondo aliyeuingia, na anitajie fundi wa nyuki mmoja wa Katangi anayeweza kusema hivyo, akianza na yeye mwenyewe.

Kaburi la baba liko hapo karibu, unalijua. Kwa hiyo nilijibu kwa sauti.

Dada yako,
Kalekye binti Mutuku